Kupunguza uzito Lamu bila kuishiwa na hamu: mwongozo wa hatua kwa hatua

Wiki ya kwanza ya kupunguza mwili huwa nyepesi. Raba ni mpya, chai haina sukari, na mizani inashuka kilo mbili kwa siku saba. Mambo huharibika baina ya wiki ya tatu na ya sita, pale mizani inapoganda ilhali mtu anajinyima vilevile. Hapo ndipo watu husema "mwili wangu mimi haupungui" na kurudi kwenye mahamri manne ya asubuhi.

Kilichotokea kina maelezo. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, akiba iitwayo glaikojeni, na kila gramu moja ya akiba hiyo hushikana na maji gramu tatu hivi. Ukipunguza wali na mikate ghafla, akiba hutumika na maji yake hutoka kwa mkojo. Kilo mbili za mwanzo kwa sehemu kubwa ni maji. Mafuta yenyewe huondoka taratibu: nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri, na kilo moja kwa wiki ndio mpaka wa juu kwa watu wengi. Kwa hiyo kupungua kwa kasi kisha kusimama ni jambo la kutarajiwa, na mpango unaotegemea furaha ya wiki ya kwanza lazima uanguke. Hatua zifuatazo zimepangwa ili kazi ifanyike hata siku ambayo hamu haipo, kwani siku hizo zitakuwa nyingi.

Hatua ya 1: Pima, andika, na ujue kama unafaa kuanza peke yako

Nunua daftari dogo. Ukurasa wa kwanza andika uzito, urefu, kipimo cha kiuno, presha na sukari ya damu. Presha na sukari hupimwa zahanati au kwenye duka la dawa lenye vifaa, na inafaa upime hata kama hujisikii vibaya, kwa sababu tarakimu hizi mbili mara nyingi huanza kutengemaa kabla nguo hazijalegea. Mtu anayeona presha yake imeshuka ana sababu ya kuendelea hata kama kitambi bado kipo.

Kiuno hupimwa kwa utepe wa fundi cherehani, katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umesimama na umeshusha pumzi kawaida. Usivute tumbo ndani, unajidanganya mwenyewe. Kiuno kikizidi nusu ya urefu wako, mafuta ya tumboni yamefika kiwango cha kukuletea maradhi. Mtu wa sentimita 160 ajaribu kukaa chini ya sentimita 80.

Mizani nayo ina mambo yake. Usiiweke juu ya mkeka wala zulia, itasoma vibaya. Sakafu za nyumba zetu kongwe za chokaa hazikai sawa, na kusogeza mizani hatua mbili tu kunaweza kubadilisha kipimo. Chagua pahali pamoja pagumu, pachore alama ya chaki, na kila mara pima hapohapo: asubuhi, baada ya kwenda msalani, kabla ya chai, ukiwa na nguo nyepesi.

Wapo wasiopaswa kuanza bila kuzungumza na daktari kwanza: anayetumia insulini au vidonge vya kisukari (akipunguza chakula bila kurekebishiwa dawa, sukari inaweza kushuka mpaka akazimia), mjamzito na anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa moyo au figo, na yeyote anayepungua bila kukusudia. Huyu wa mwisho anahitaji uchunguzi.

Hatua ya 2: Weka lengo dogo la kwanza

Kusema "nataka kupunguza kilo 30" ni njia ya uhakika ya kukata tamaa, kwa sababu utaishi karibu mwaka mzima ukiwa hujafika. Lengo la kwanza liwe asilimia 5 ya uzito wako. Mtu wa kilo 90 anatafuta kilo 4.5, yaani wiki tisa hadi kumi na mbili kwa mwendo wa kawaida. Kiasi hicho ni kidogo kwa macho lakini mwili unakihisi. Utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliotolewa mwaka 2002, uliwataka watu waliokuwa karibu kupata ugonjwa huo wapunguze asilimia 7 ya uzito na watembee dakika 150 kwa wiki. Kundi hilo liliugua kisukari kwa asilimia 58 pungufu kuliko kundi lililopewa vidonge vitupu visivyo na dawa.

Kisha andika sababu yako, na iwe ya karibu. "Nataka afya" ni neno zuri lisilomwamsha mtu alfajiri. Andika kitu unachokifanya kila siku na kinachokusumbua sasa: kupanda ngazi za nyumba mpaka darini bila kusimama katikati, kuinuka kutoka sijda bila kushika ukuta, kukaa tahiyatu bila goti kulia, kuvuka kutoka gatini kuingia mashuani bila kushikwa mkono, kufunga kikoi kile cha zamani. Chagua viwili au vitatu na kila baada ya wiki nne ujijaribu. Pale mizani inapokaa kimya, ngazi zitakupa jibu.

Hatua ya 3: Geuza lengo liwe matendo mawili tu

Kilo haziko mikononi mwako moja kwa moja. Kilicho mikononi mwako ni ulichokula leo na ulikotembea leo. Chagua tendo moja la chakula na moja la mwili, basi. Anayeanza siku moja na kuacha sukari, wali, mahamri na soda huku akikimbia kilomita tano hafiki Ijumaa ya pili.

Kila tendo lipewe viwango viwili: cha kawaida na cha chini. Mfano, kiwango cha kawaida cha kutembea ni dakika 30, cha chini ni dakika 10. Siku ya uvivu, ya mvua au ya mgeni, unafanya cha chini na unaweka alama daftarini sawasawa na siku nyingine. Huu ndio ufunguo wa mpango mzima, na ndio watu wanaoupuuza, kwa kuwa dakika 10 zinaonekana hazina maana. Maana yake ni kwamba mazoea hayakatiki.

Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu waliojaribu kujenga zoea jipya, na wakaona ilichukua wastani wa siku 66 hadi jambo lifanyike bila kulifikiria. Wengine siku 18, na kwa makadirio wengine wangefika siku 254. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo usitarajie uchu wa kutembea uje wenyewe mwezi wa kwanza, na usidhani siku moja iliyopotea imebomoa kazi yote.

Namna ya kuandika tendo ni muhimu. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha kwamba mtu akiamua mapema lini, wapi na vipi, hutekeleza zaidi kuliko anayebaki na nia tupu. Andika hivi: "Nikishatoka msikitini alfajiri, sirudi nyumbani, naelekea njia ya Shela moja kwa moja." "Nikipewa chai kwa watu, nitasema mapema kijiko kimoja." "Mvua ikinyesha, nitapanda na kushuka ngazi za nyumbani mara kumi." Kila sentensi iwe na mahali au saa ndani yake.

Hatua ya 4: Kutembea Lamu, na kwa nini utahitaji kujua maji

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki. Mwendo wa wastani ni ule unaokuruhusu kuzungumza lakini usiweze kuimba. Lamu tuna bahati ya kutokuwa na msongamano wa magari, lakini kutembea vichochoroni si mazoezi: unasimama kupisha punda, unakwepa mitaro, unasalimiana kila hatua. Usita wa Mui, njia kuu ya katikati ya mji, ni njia ya shughuli. Ukitaka mwendo usiokatika, shika njia ya pwani.

Kutoka Lamu mjini hadi Shela ni kilomita 3 hivi, dakika 40 hadi 45 kwa mtu wa kawaida. Anayeanza aende nusu na kurudi. Baada ya wiki tatu anaweza kwenda mpaka Shela kwa miguu na kurudi kwa mashua, kisha baadaye kwenda na kurudi kwa miguu. Kwa mtu wa kilo 80, kilomita 3 hutumia kalori 150 hadi 200 hivi, takriban sawa na hamri moja kubwa lililokaangwa. Tunaitaja hesabu hii makusudi. Anayetembea kisha akajizawadia mahamri mawili na chai tamu anazidi kunenepa, na atalaumu matembezi.

Kinachovunja mazoea ya njia hii ni maji. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa karibu na alfajiri na tena alasiri, saa zilezile ambazo jua limepoa na watu wanataka kutembea. Sehemu za njia ya Shela huliwa na maji, na mtu akikuta hivyo siku mbili mfululizo anaacha. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, mambo hugeuka, maji hujaa karibu na saa nne au saa tano. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo kila Ijumaa kaa na daftari uandike saa za wiki inayokuja. Mvuvi au nahodha yeyote atakwambia. Siku za bamvua tembea baada ya maji kupungua, au pita njia ya juu, au fanya zoezi la ndani.

Mchanga wa Shela ni zawadi na ni mtego. Kutembea juu ya mchanga laini hutumia nguvu karibu maradufu ya ardhi ngumu, jambo zuri kwa aliyezoea. Anayeanza, hasa mwenye magoti mabovu au uzito mkubwa, abaki kwenye mchanga mgumu wa maji yaliyokupwa, kwani mchanga laini huuma kifundo na kano ya kisigino, na jeraha la wiki ya pili humaliza mpango. Mwenye kisukari asiende peku. Kidonda cha mguu ni hatari kubwa kuliko kitambi. Vaa raba yenye soli nene, si ndara.

Miezi ya kaskazi, hasa Januari hadi Machi, joto halisamehe. Toka kabla ya saa moja asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, kunywa maji kabla ya kutoka na beba chupa ndogo. Wakati wa masika weka zoezi la ndani tayari, usilitafute siku mvua ishaanza kunyesha: kukaa na kuinuka kwenye kiti mara 10, kusukuma ukuta kwa mikono mara 10, kupanda ngazi mara 5, rudia raundi tatu. Mazoezi haya ya nguvu ni ya lazima mara mbili kwa wiki hata jua likiwaka, kwa sababu anayepunguza chakula bila kutumia misuli hupoteza mafuta na misuli pamoja.

Mwanamke asiyependa kutembea peke yake atafute mwenzake mmoja, si kundi. Kundi la watu saba lina udhuru saba na hungoja asiyekuja. Wawili wakikubaliana mlango wa kukutana na dakika za kungoja (tano zinatosha, baada ya hapo aliyefika aende), mpango hukaa. Buibui pana na raba chini yake vinatosha, hakuna haja ya mavazi maalumu.

Hatua ya 5: Jikoni, anzia kwenye chai

Chai ndiyo mahali pepesi pa kuanzia na penye faida ya haraka. Kijiko cha chai cha sukari kina gramu 4. Vikombe vinne kwa siku vyenye vijiko vitatu kila kimoja ni gramu 48, karibu kalori 190, na hapo hujahesabu kaimati wala juisi ya ukwaju. Usiache ghafla. Punguza nusu kijiko kwa kila kikombe kila wiki. Ulimi huzoea, na tangawizi, iliki na mdalasini vikiongezwa kidogo chai haionekani chapwa. Ukifika kijiko kimoja au chini, tulia hapo. Soda ya mililita 300 ina sukari ya vijiko 8 hivi, na juisi za maembe au limau zinazotiwa sukari haziko mbali. Dafu lina utamu wake lakini ni jepesi zaidi. Moja kwa siku halina neno.

Nazi inahitaji maelezo, kwa sababu madaktari wengi humwambia mtu wa pwani "acha nazi" na mtu huyo anaona amefukuzwa mezani. Gramu 100 za nyama ya nazi zina mafuta gramu 33 hivi, na gramu moja ya mafuta ina kalori 9, zaidi ya mara mbili ya wanga au protini. Sehemu kubwa ya mafuta hayo huingia kwenye tui la kwanza. Basi tenganisha: ikune nazi, kamua tui zito uliweke pembeni, kisha tia maji ya vuguvugu ukamue tui la pili na la tatu. Wali pikia tui jepesi. Mbaazi au mchuzi upike kwa tui jepesi vilevile, na mwisho kabisa, moto ukiwa mdogo, tia vijiko vitatu au vinne vya chakula vya tui zito kwa sufuria ya watu watano. Ladha ya nazi hubaki kwa sababu inakuja juu, mwishoni. Samaki wa kupaka awe wa siku moja ya wiki. Siku nyingine changu au tafi achomwe kwa ndimu, kitunguu saumu na pilipili.

Mafuta ya kukaangia hupotea bila kuonekana. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120 hivi. Anayemimina kutoka kwenye dumu hajui ametia vingapi. Weka kijiko kando ya jiko, pima, na familia ya watu watano isizidi vijiko vitatu kwa sufuria ya mchuzi. Viazi karai, bhajia na sambusa havihitaji kupigwa marufuku nyumbani, ila visiwe vya kila jioni. Mkate wa mofa unaookwa ni badala nzuri ya mahamri, kwa sharti usiuloweshe kwenye tui zito.

Sasa sinia. Kula pamoja sinia moja ni heshima na ni mapenzi, nasi hatumshauri mtu kujitenga na sahani yake pembeni kama mgonjwa. Tatizo lake ni kwamba huoni umekula kiasi gani, na mkono hufuata kasi ya wenzako. Fanya hivi: kabla ya tonge la kwanza, gawa kwa macho upande wako, wali kiasi cha ngumi zako mbili, kisha usivuke mpaka huo. Anza na samaki na kachumbari, wali uje baadaye. Tonge liwe dogo, limeze kabla ya kuchukua jingine. Tumbo huchukua dakika 20 hivi kupeleka habari ya kushiba, na anayemaliza kwa dakika saba hula mara mbili kabla habari haijafika. Ukifika mpaka wako kabla ya wengine, endelea na kachumbari, mchicha au bamia, mkono usikae bure.

Kila mlo uwe na protini ya kueleweka: kipande cha samaki ukubwa wa kiganja, mayai mawili, au kikombe cha mbaazi, kunde au pojo. Anayekula chai na mkate mtupu asubuhi huona njaa saa nne, na njaa ya saa nne ndiyo inayonunua mahamri dukani. Njaa kali inapokuja kila siku, jua umepunguza kupita kiasi. Rudisha chakula kidogo.

Kuhusu miraa: hukata njaa mchana, huharibu usingizi usiku, na mara nyingi huja na soda. Kulala kidogo huongeza homoni ya njaa siku inayofuata, hivyo ulichookoa mchana unakilipa kesho. Chai za kupunguza mwili zenye majani ya sena huharisha na kutoa maji. Mafuta yako palepale.

Hatua ya 6: Kusoma mizani bila kuumia

Uzito wa mtu unaweza kupanda au kushuka kilo moja hadi mbili baina ya siku na siku bila mafuta kubadilika. Chumvi ya samaki mkavu au achari hushika maji. Hedhi hushika maji, na wanawake wengi huona mizani ikipanda siku chache kabla yake. Haja kubwa iliyochelewa ina uzito. Zoezi jipya huleta uvimbe mdogo kwenye misuli unaoshika maji pia.

Kwa hiyo pima mara tatu kwa wiki, kwa mfano Jumamosi, Jumatatu na Jumatano, jumlisha, gawa kwa tatu, na linganisha wastani wa wiki hii na wa wiki mbili zilizopita. Mwanamke alinganishe pia na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita. Mtu ambaye mizani humharibia siku nzima apime mara moja kwa wiki, au aache mizani atumie utepe wa kiuno kila baada ya wiki mbili.

Mizani ikiganda wiki tatu hadi nne kwa wastani, fuata mpangilio huu. Kwanza, kwa siku tatu andika kila kitu kinachoingia mdomoni, pamoja na matonge ya kuonja jikoni, makombo ya watoto na halwa ya baraza. Hapa ndipo kwa kawaida kisa hupatikana. Mpishi wa nyumba anaweza kula mlo mzima kwa kuonja. Pili, angalia siku za shughuli. Sinia mbili za biriani za harusi kwa wiki zinatosha kufuta upungufu wa siku tano. Tatu, kama yote yako sawa, kumbuka kwamba mwili mwepesi hutumia nguvu kidogo kuliko ulipokuwa mzito: ongeza dakika 10 hadi 15 kwenye matembezi, au punguza wali kwa nusu ngumi. Moja tu kati ya hayo, sio yote mawili. Kama umechoka na huna nguvu ya kuongeza chochote, jipe wiki mbili za kushikilia uzito ulipo, ukiendelea na kiwango cha chini. Mapumziko yaliyopangwa hurudisha nguvu.

Hatua ya 7: Watu

Kwetu kunenepa kulihesabiwa neema, na anayekonda huulizwa anaumwa nini. Maneno haya huvunja watu kuliko njaa, tena husemwa kwa huruma. Usibishane wala usitoe somo la afya. Weka jibu moja fupi la heshima. Mama mkwe akisema, "Mwanangu mbona umekonda hivi, mumeo hakupi chakula?" au shangazi akauliza kama una maradhi, jibu: "Alhamdulillahi mama, mimi mzima. Nimeambiwa nipunguze kwa sababu ya presha, niombee dua." Presha inaeleweka kila nyumba, na anayeombwa dua huwa upande wako.

Anayepika nyumbani aambiwe mapema, tena kwa ombi la jambo moja: tui jepesi, au mafuta yapimwe. Ukisema "sili tena vyakula hivi" umemtukana mpishi. Ukisema "leo nionjeshe na yule samaki wa kuchoma" umempa kazi anayoiweza.

Harusini usiende na njaa ukidhani unajiwekea nafasi. Mwenye njaa hupoteza mpaka wake. Kula yai au bakuli dogo la pojo kabla ya kutoka. Kaa karibu na anayekula taratibu. Chukua biriani yako mara moja, masala na nyama kuliko wali, na kama kuna halwa chukua kipande kimoja ukile kwa kahawa chungu bila haraka. Ukikataa kila kitu, wenyeji wataumia na wewe utarudi nyumbani ukale usiku wa manane.

Hatua ya 8: Siku uliyoteleza

Umekula sambusa sita na kaimati sahani. Kinachofuata ndicho kinachoamua mwezi wako. Watu wengi huwaza "leo nishaharibu, nitaanza tena Jumamosi", na siku nne baina yake hula kuliko siku ya kuteleza yenyewe. Sambusa sita haziongezi hata robo kilo ya mafuta. Gramu moja ya mafuta ya mwili hubeba kalori 7.7 hivi, na kilo nzima ni kalori 7,700. Siku nne za kuachilia ndizo zinazokusogeza huko.

Rudi kwenye mlo unaofuata, wa kawaida, bila kujifungisha kwa adhabu wala kutembea mara tatu. Andika mstari mmoja daftarini: ilikuwa saa ngapi, nilikuwa na nani, nilikuwa nimekula nini kabla. Baada ya kuteleza mara nne au tano utaona saa ileile au mahali palepale pakijirudia, na hapo unaandika sentensi mpya ya "ikiwa hivi, nitafanya hivi".

Ramadhani

Wengi huingia Ramadhani wakidhani watapungua na kutoka wameongezeka, kwa sababu futari ina vitu vitano vya kukaanga na shira juu yake. Lengo la mwezi huu liwe kushikilia uzito, si kupunguza. Futuru kwa tende na maji, sali magharibi, kisha rudi mezani: bakuli la uji au supu, kitu kimoja cha kukaanga, na protini. Kitamu kiwe kimoja kwa usiku: ukila kaimati leo, mkate wa sinia kesho. Kutembea kuwe baada ya tarawehe, dakika 20 pwani, au nusu saa kabla ya magharibi kwa mwendo mdogo. Daku usiliruke, mbaazi au mayai na mkate wa mofa hukaa tumboni kuliko chai na mahamri. Anayetumia dawa za kisukari azungumze na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama.

Ukishafika

Ukifikia asilimia 5 ya kwanza, shikilia hapo wiki nne kabla ya kuweka lengo jingine la asilimia 5. Marekani kuna daftari la kitaifa la watu waliopunguza uzito na kuulinda, lililoanzishwa mwaka 1994 na watafiti Rena Wing na James Hill. Kuingia humo lazima mtu awe amepunguza angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka mzima. Wengi wao hujipima angalau mara moja kwa wiki na hutembea au kufanya mazoezi karibu saa moja kwa siku. Daftari lako nalo lisifungwe. Andika ukurasani uzito uliofikia, ongeza kilo 2, uzungushie duara. Wastani wako ukivuka duara hilo kwa wiki mbili mfululizo, rudi hatua ya 3 siku hiyohiyo: tendo moja la chakula, moja la mwili, na kiwango cha chini cha dakika 10.